Mama Wengine wa Binti Yangu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipoanza kwangu. Mama yangu alijifungua mtoto wa kike Busunzu, kwenye nyumba ya nyasi tuliyoijenga baada ya kuvuka kutoka Burundi, na siku ya tatu akafa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Shangazi alimchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni kwangu kwa kipande cha kanga, akasema, "Sasa wewe ndiye mama yake." Nilikuwa darasa la pili. Sikurudi tena. Kusoma nilikuja kumalizia kanisani, kwenye mafundisho ya ubatizo. Kuandika nilijifunza kwa kuandika majina ya watu kwenye magunia.

Yule mtoto alikaa mgongoni kwangu miezi minne. Maziwa hatukuwa nayo, nilimpa uji mwepesi. Asubuhi moja nilitoka naye mtoni, nikapanda kilima na ndoo kichwani, na nilipofika nyumbani nikamfungua, alikuwa amepoa, ameshaondoka. Sijui ni sehemu gani ya njia. Nimeyasema haya kwanza ili nikianza kusema habari za kulea, asije mtu akadhani nimesimuliwa.

Mimi nilizaa mara moja tu, binti. Baba yake alikwenda Tabora kwenye tumbaku akasahau njia ya kurudi. Nilihamia Makere, nikaanza na muhogo. Unauchimba, unaumenya, unauloweka kwenye madimbwi ya mto siku tatu au nne mpaka ulainike, unauanika, unautwanga. Kila mwanamke ana dimbwi lake na anajua harufu ya muhogo wake. Binti yangu alikulia kwenye harufu hiyo. Niliuza unga kambini, kwa wakimbizi Wakongo, nikiwa naye mgongoni, na kila baada ya hatua chache nilikuwa napeleka mkono nyuma kumgusa mguu. Watu walinicheka. "Mama, mguu hauibiwi." Niliendelea kugusa.

Nilimsomesha mpaka chuo. Leo ni mwalimu wa sekondari Kibondo, anafundisha Kiingereza. Sikusaidiwa na mtu, na wanaosema nilisaidiwa waje wamtaje aliyenisaidia.

Vitabu vilianza kuja nyumbani alipokuwa chuo. Likizo ya kwanza alileta vinne, nikadhani ni vya mtihani. Nilivifunga kwenye mfuko wa nailoni ili moshi usivipate, nikaviweka juu ya kabati, kwa heshima kabisa. Likizo ya pili vikawa tisa. Siku moja nikavigeuza. Nyuma ya kila kitabu kulikuwa na picha ya mwanamke, na wote walikuwa weusi, weusi kama mimi, wengine kunizidi.

"Hawa ni akina nani?"

"Waandishi, mama."

"Wa magazeti?"

"Wa vitabu. Wametunga wenyewe."

"Wanaishi wapi?"

"Huyu Marekani. Huyu Nigeria. Huyu wa Afrika Kusini. Huyu ameshafariki."

"Na kazi yao ni nini?"

"Ndiyo hiyo. Kuandika."

Nilizitazama zile picha muda mrefu. Mmoja alikuwa na mvi nyingi na uso uliotulia, kama mtu aliyemaliza kazi zote za siku. Mmoja alifunga kilemba kikubwa. Mmoja alivaa miwani na kukunja midomo kama anayetaka kubisha. Kwa vile majina yao yalinishinda, nikawaita hivyo: wa mvi, wa kilemba, wa miwani. Niliwaza, kumbe mwanamke mweusi anaweza kukaa kitini, akawaza, na watu wakamletea chakula. Mimi nikiketi mchana, majirani wanauliza kama ninaumwa. Hapo ndipo wivu uliponiingia, na haujatoka vizuri mpaka leo. Nausema waziwazi kwa sababu kwenye umri wangu kuficha wivu ni kujichosha.

Mwanzoni ulikuwa wivu mdogo. Binti akija likizo nilimpikia ugali wa muhogo na dagaa, na yeye anakula mkono mmoja, mwingine umeshika kitabu. Nikimwuliza jambo, anajibu "mm". Alikuwa akisoma anacheka peke yake. Mara nyingine analia, machozi kabisa, halafu ukimwuliza anasema hakuna kitu. Mimi mtoto huyu sikuwahi kumwona akilia tangu akiwa na miaka sita, na nilikuwa najivunia hilo. Sasa anamlilia mwanamke wa Marekani.

Miaka miwili iliyopita akapata mimba. Aliolewa na mwalimu mwenzake, kijana mpole, wazazi wake wote wamefariki. Mwezi wa tisa ulipokaribia akaja Makere ili ajifungulie kwangu, kama inavyotakiwa. Nilifurahi nikajisahau. Nilitayarisha unga wa ulezi, nilinunua kuni kavu za kuchemshia maji ya kumkanda. Akashuka kwenye gari na begi moja la nguo na boksi moja la vitabu, na boksi lilikuwa zito kuliko begi.

Alijifungua mtoto wa kike. Nilimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nilimpikia uji, nilimfulia. Siku ya nne nilikuwa naingia chumbani na beseni la maji nikamsikia anaongea kwenye simu na rafiki yake mwalimu. Vitabu alikuwa amevipanga kitandani upande wa ukutani, na mtoto amelala katikati, kati ya vitabu na yeye.

"Nimekuja nao wote," alisema, na nikamsikia anacheka. "Nisingeweza kuwaacha. Hawa ndio mama zangu. Hawa ndio walionilea."

Nilisimama na lile beseni. Maji yalikuwa yananiunguza vidole, lakini sikuliweka chini. Nilisubiri amalize, nikaingia, nikamkanda kama kawaida. Labda nilikandamiza kidogo zaidi.

"Mama, unaniumiza."

"Mgongo ndivyo unavyorudi."

Jioni ile akaniambia jina. Alitaka mtoto aitwe jina la wa mvi. Sikusema kitu. Akadhani nimekubali, akaanza kunifundisha namna ya kulitamka, taratibu, huku namwogesha mtoto.

"Rudia, mama."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena, vizuri kabisa. Alifurahi akanishika bega. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nililijua lile jina. Sikukosea kwa kutokujua.

Kwenye ukoo wetu mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Siku hiyo majirani wanakuja, bibi mzaa mama anambeba mtoto, anavuka naye kizingiti, na akishasimama uani analitaja jina kwa sauti. Lile atakalolitaja watu wakasikia, ndilo. Hakuna kulirudia, hakuna kulirekebisha. Mama wa mtoto anabaki ndani, yeye husikia tu. Na kama bibi mzaa mama yupo hai, mara nyingi mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina lake. Mimi nipo hai. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo miaka mingi, tangu binti yangu akiwa na meno ya utoto.

Kitovu kilianguka siku ya nane. Walikuja majirani kama kumi. Nilimvika mtoto kofia, nikamfunika kanga mpya, nikavuka kizingiti. Jua lilikuwa kali, mtoto akakunja uso. Nikafungua mdomo nikataja jina langu.

Vigelegele vilipigwa. Mwanamke mmoja akasema, "Heee, bibi amejizaa mwenyewe," watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kutoka ndani hakukuja sauti yoyote. Niliporudi chumbani binti yangu alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akageukia ukutani, upande wa vitabu.

Hakunitukana. Angenitukana ningemjibu. Alikula nilichopika, alisema asante, alinipa mgongo niukande. Lakini akawa anamwita mtoto kwa kumnong'oneza sikioni, na nilijua anamwita nani. Mimi nikawa namwita jina langu kwa sauti kubwa, kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka kwenye mashine yangu ya kusaga. Kuita jina lako mwenyewe mchana kutwa kunachosha. Unajisikia kama mtu anayejitafuta.

Nina mteja wa zamani, mwanamke Mkongo wa kambini, ambaye tumejuana tangu wote tukiwa na meno. Alikuja kusaga, akaniona nimenuna, nikamweleza. Aliweka gunia chini akanitazama.

"Maman, weye unasikia wivu ya bantu ya mu kitabu? Banakula kwako?"

"Hawali."

"Banalala kwako?"

"Wanalala kitandani kwa mwanangu, mstari mzima."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, bila kucheka, "Lakini jina ya mutoto umeiba. Ile si wivu tena. Ile ni wizi." Akabeba unga wake akaondoka. Wiki nzima nilimkasirikia, na unga wake wa mara iliyofuata niliusaga mwisho.

Ilikuwa akae kwangu siku arobaini. Siku ya ishirini na mbili nikarudi kutoka shamba la Heru Juu nikamkuta anafunga mizigo. Amempigia mume wake, gari linakuja kesho. Boksi lilikuwa limeshajaa na kufungwa kamba. Nguo za mtoto bado zilikuwa kwenye kamba ya nje.

"Vitabu kwanza," nikasema. "Mtoto baadaye."

"Mama, tusianze."

"Nimeanza. Wamekupikia uji hao? Nani kati yao amekukanda?"

"Hakuna."

"Basi wamekuleaje?"

Alikaa kitandani. Juu ya mto kulikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, nikaiona. Jina lililoandikwa lilikuwa la wa mvi. Nikalisoma silabi kwa silabi, na yeye ananitazama nikisoma. Nilijua hapo kwamba nimepoteza. Kesho angekwenda Kibondo na mtoto mwenye jina lingine, na mimi ningebaki nikiita jina langu uani peke yangu. Na angeweza asirudi. Watoto wa siku hizi hawakugombezi, wanapunguza tu kukupigia simu.

"Ulinilea vizuri," alisema. "Nilikula, nilivaa, nilisoma. Ulinifundisha kazi. Lakini mama, nilipoanza kuwa na shida zangu mwenyewe, sikuwa na wa kumwuliza. Nilipovunja ungo nilikwambia, ukasema 'chukua kitambaa'. Nilipoachwa na yule kijana wa chuo ukasema 'soma'. Juzi nilikuamsha nikasema naogopa, mtoto anapumua haraka, naogopa nitamuua kwa kutojua. Ukasema nini?"

Nilikumbuka. Nilisema, "Utazoea."

"Hawa wameandika hofu hiyo hiyo. Wakati nasoma nilijua kuna mtu mwingine mweusi, mwanamke, aliyeogopa na hakufa. Hicho tu."

Nikataka kumwambia maneno makali. Nilikuwa nayo matatu manne tayari. Badala yake nikasikia nasema habari ya Busunzu, ya mdogo wangu, ya kilima na ndoo. Sikuwahi kumwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, namtazama mtoto, si yeye. Nikamwambia sijui ni sehemu gani ya njia. Nikamwambia ndiyo sababu nilikuwa namgusa mguu alipokuwa mgongoni. Nikamwambia, "Mimi sikuambiwa kitu na mtu. Ningekuambia nini?"

Halafu akafungua kamba ya boksi, akatoa kitabu cha wa mvi, akasema, "Kaa."

Akanisomea. Alikuwa anatazama Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokuwa kigumu anakishusha kwenye lugha yetu ya nyumbani. Nilitegemea mambo makubwa ya wazungu na ndege. Kumbe yule mwanamke alikuwa anaeleza habari za mama yake. Mama yake alikuwa anapiga pasi nguo za watu. Alikuwa na mkono mmoja ulioungua, na kila jioni aliupaka mafuta jikoni bila kusema kitu. Hakujua kubembeleza. Mtoto akianguka anamwambia inuka. Na yule wa mvi alimchukia mama yake, miaka mingi, mpaka naye akazaa, na usiku mmoja mtoto wake akaanguka, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema inuka.

"Endelea," nikasema.

Akasoma kurasa kama sita. Mtoto aliamka akanyonya akalala tena.

"Huyo mpiga pasi, alijua kusoma?"

"Hakujua."

"Alisomewa haya?"

"Alikufa kabla kitabu hakijatoka."

Nilitazama ile picha ya wa mvi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtoto wa mtu. Na wivu wangu, ambao ulikuwa umemshika yeye miaka yote, ukamwachia ukahamia kwa mama yake. Mwanamke hajui kusoma, kazi yake pasi, ameshakufa, na mkono wake ulioungua unajulikana Makere. Mimi mikono yangu imekaa kwenye maji ya muhogo miaka karibu thelathini, kucha zimegeuka rangi, nani anaijua?

"Na mimi nani ataniandika?" Nilisema kwa hasira, sikusema kwa kuomba.

Binti yangu alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya kizingiti. "Unajua kuandika, mama. Andika mwenyewe."

"Mimi naandika magunia."

"Anza na gunia."

Hakuondoka kesho yake. Alimpigia mume wake akamwambia asubiri, na akamaliza siku arobaini. Kila siku baada ya kumkanda alinisomea. Sitadanganya kwamba niliwapenda wote. Wa kilemba anazunguka mno, jambo moja analisema kurasa tatu, mtu angekuwa ameshafika Kasulu na kurudi. Wa miwani ni mkweli, anasema kulea kunachosha na kwamba kuna siku mama hampendi mtoto wake hata kidogo, na kesho yake anampenda tena. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa na siku hizo. Nilizificha kama mtu anavyoficha ugonjwa. Huyo nilitaka nisomewe mara mbili.

Lakini suala la jina hatukuligusa. Yeye alinong'ona, mimi nikaacha kuita kwa sauti. Nikawa nasema "mtoto". Mtoto amekula, mtoto amelala.

Ubatizo ukawekwa Kibondo, mtoto akiwa na miezi saba. Nilipanda gari asubuhi na mapema na ndizi, kuku na debe la mawese. Njia nzima niliwaza mambo mawili. La kwanza, kwamba nikiwa kimya wataandika jina la kadi na langu litakufa polepole, na hakuna atakayenilaumu. La pili, kwamba kwa desturi nililitaja nje, watu walisikia, na nikimwambia mchungaji hivyo, mchungaji wa kwetu atasita. Anajua mila. Ningeweza kushinda. Nilijua namna ya kushinda, nimeshinda maisha yangu yote.

Kanisani tulipanga mstari. Ilipofika zamu yetu, mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake. Binti yangu alinitazama, halafu akanipa mtoto. Hakunikonyeza, hakunikanya. Kwa hiyo nilisimama mbele ya mchungaji na mtoto mkononi, kama ile siku ya uani, watu nyuma yangu.

"Jina la mtoto?" mchungaji akauliza.

Mguu wa mtoto ulikuwa umetoka kwenye nguo. Niliushika. Nikalitaja jina la wa mvi, lote, kama nilivyofundishwa, bila kukwama. Mchungaji ndiye aliyekwama. Aliinama akaniuliza tena, nikamtajia silabi kwa silabi, naye akaandika.

Tulipotoka nje binti yangu alinishika mkono, ule wa kucha zilizogeuka rangi, hakuuachia mpaka tulipofika kwake. Pale mezani niliwaambia wote kwamba jina ni gumu na mtoto atateseka nalo shuleni. Nimeshasema, wivu haujatoka.

Siku hizi ananisomea kwa simu. Anarekodi sauti yake jioni akimaliza kusahihisha madaftari, nami nasikiliza nikichambua maharage. Nyuma ya sauti yake namsikia mjukuu anapiga kelele. Na mimi nimenunua daftari, ndilo hili.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Mashine ya kusaga, ya dizeli. Shamba la muhogo Heru Juu na la maharage Makere. Mbuzi watano. Dimbwi langu mtoni, ambalo hakuna anayelisogelea. Cheti cha uraia, kwenye bahasha. Miwani ya kusomea, ya dukani. Binti mmoja. Mjukuu mmoja. Jina langu, ambalo bado ninalo mwenyewe, halijachukuliwa na mtu.